Wauza mlonge na stafeli waachwe waandike "huzuia saratani" kwenye makopo yao?

Binti Mwalimu (Morogoro)
Wadau, salaam. Nina jambo limenikaa rohoni tangu juzi. Mama mkwe wangu amekuja kututembelea akitokea Dodoma. Kabla basi halijatoka stendi, akaingia yule muuza dawa tunayemjua sote, begi begani, sauti ya kuhubiri. Mama kashuka hapa Msamvu na makopo mawili ya unga wa kijani, elfu kumi na tano kila moja. Nimeyashika mwenyewe. Karatasi imebandikwa kwa gundi: majani ya mstafeli, mlonge na manjano, huzuia saratani aina zote, kijiko kimoja kutwa mara tatu. Tarehe hakuna, jina la mtengenezaji hakuna, namba ya simu tu.

Pesa yake sina neno nayo. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshambembeleza akakubali tukampime shingo ya kizazi. Sasa anasema haina haja, ameshajikinga.

Swali langu: wakatazwe kuandika "huzuia saratani" mpaka walete ushahidi, au ni riziki za watu tuziache? Mimi nasema wakatazwe. Sina ugomvi na miti shamba, mlonge naupika nyumbani kwangu. Ugomvi wangu ni hilo neno "huzuia".

Mzizi Mkavu
Dada, umeanza vibaya. "Sauti ya kuhubiri", "karatasi ya gundi". Yule ni baba wa watu anatafuta ada za watoto. Marehemu babu yangu alikuwa mtu wa dawa, si wa tunguri, wa miti, na nimekua naona watu wanashuka kwenye malori kumfuata.

Halafu hizo dawa za hospitali zimetoka wapi? Kile kiua cha pinki chenye petali tano kinachojiotea uani na makaburini, asili yake Madagaska, ndicho kilichotoa vinkristini na vinblastini, na vinkristini ndiyo wanayotibia watoto wenye saratani ya damu. Paklitakseli imetoka kwenye gome la mti huko Marekani. Mzungu akichemsha gome ni sayansi, babu yangu akichemsha ni ujinga. Na hiyo stafeli, Wamarekani wenyewe waliipima wakakuta ina nguvu mara 10,000 kuliko dawa ya dripu.

Bibi zetu walikula dona, mlenda na mchunga, wakafika miaka tisini bila kulijua neno saratani. Haya maradhi mmeyaleta nyie watu wa sembe.

Zamu ya Usiku
Kaka Mzizi, vinkristini mimi naijua kwa kuishika, ni kazi yangu. Dozi ya mtu mzima kwa kawaida haivuki miligramu 2. Ni uzito wa chumvi inayobaki kwenye ncha ya kidole. Inaingia kwenye mshipa wa damu, na ikikosewa ikachomwa kwenye uti wa mgongo, inaua. Sasa mtu akichemsha majani ya kile kiua kwenye sufuria, atajuaje amempa mgonjwa kiasi gani?

Hiyo mara 10,000 iliandikwa kweli, miaka ya tisini, lakini ni kwenye seli za saratani ya utumbo zilizooteshwa maabara. Hakuna mtu aliyenyweshwa chochote. Kwenye kisahani cha maabara hata jiki inaua seli za saratani. Na kule kisiwa cha Guadeloupe, ambako stafeli huliwa sana na majani yake hunywewa kama chai, madaktari walikuta watu wengi wenye ugonjwa unaofanana na Parkinson, wakaishuku stafeli.

Tena dada ameuliza KUZUIA. Kutibu ni kumpa mgonjwa sumu ukijua ugonjwa wake ni mbaya kuliko hiyo sumu. Kuzuia ni kumpa mtu mzima asiye na tatizo, kila siku, miaka nenda rudi. Lazima uwe na uhakika humdhuru. Finland waliwapa wavuta sigara betakarotini, ile rangi ya karoti na maembe, katika vidonge. Walikuwa wanaume zaidi ya 29,000. Matokeo yalitoka 1994: waliomeza walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Marekani nao walikuwa na jaribio kama hilo, wakalisimamisha kabla ya muda wake 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Na kila mtu alikuwa na uhakika karoti ni kinga.

Mzizi Mkavu
Kwa hiyo babu yangu alikuwa anawanywesha watu jiki. Asante, muuguzi.

Zamu ya Usiku
Sijamtaja babu yako kaka. Soma tena.

Mzizi Mkavu
Nimesoma. Nyie mkivaa nguo nyeupe mnaona wazee wetu walikuwa wauaji.

Kaskazini Kwetu
Naomba msije mkaishia kwenye kikombe cha dawa ya Babu wa Loliondo hapa. Tangu 2011 kila uzi wa miti shamba unafia kijijini kwake Samunge.

Mama Kulwa wa Tandika
Mie nimesimama kwenye "nyie watu wa sembe". Nauza chakula mwaka wa kumi na mbili huu. Nilijaribu kupika dona wiki mbili kwa sababu mtu wa afya alikuja kutuelimisha. Wateja walinirudishia sahani. Fundi wangu mmoja, kila siku yupo mezani kwangu, akaniambia mama, hili limechacha. Halijachacha, unga wa dona una kiini ndani, una mafuta, ukikaa siku chache kwenye joto la hapa Dar unatoa harufu. Sembe nakaa nayo mwezi. Sasa mtu anaandika huko kana kwamba nawaua wateja wangu kwa makusudi. Wanangu wawili wamesomeshwa na hiyo sembe.

Mzizi Mkavu
Mama samahani, sikukulenga wewe. Nawasema waliotufundisha kwamba ugali mweupe ndio ustaarabu.

Mama Kulwa wa Tandika
Mweupe ndio mteja anataka. Wewe unakula gani nyumbani?

Mzizi Mkavu
Dona. Mahindi yangu mwenyewe, nimelima mwenyewe, Kiteto.

Jirani wa Mulago (Kampala)
Nimesoma kwamba bibi zetu hawakuijua saratani na imeniuma, kwa sababu ninapoishi historia yake iko wazi. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji hapa Mulago, Denis Burkitt, aliandika kuhusu watoto waliokuwa wakivimba taya, wengine tumbo, na kufa haraka. Ni saratani, na leo ina jina lake. Wale watoto hawakuwa wa mjini wala hawakula vya mikebe. Walikuwa wa vijijini kwetu. Saratani ilikuwepo, asiyekuwepo ni wa kuipa jina. Nyumbani walisema mtoto karogwa.

Lakini upande wa dona namuunga mkono ndugu Mzizi, na ni Burkitt yule yule. Baadaye alifuatilia vyoo vya watu, msicheke, ni kazi aliyoifanya kweli, akaona Mwafrika wa kijijini anayekula nafaka yenye ganda anapata choo kingi, laini, na haraka, kuliko Mwingereza. Akasema nyuzinyuzi ndizo zinazotulinda na saratani ya utumbo mpana. Si yote aliyosema yamesimama, ila hilo la nafaka isiyokobolewa bado wataalamu wa lishe wanalikubali. Na watoto wenye ugonjwa wa Burkitt leo wanatibiwa kwa dawa ambazo mojawapo ni hiyo hiyo vinkristini ya kiua cha Madagaska. Kwa hiyo msimcheke mtu wa mizizi.

Mzizi Mkavu
Mmeona! Dona! Nilisema mimi.

Mkaazi wa Makueni
Niingie hapo kwa dona, kwa heshima zote. Mwaka wa 2004 kwetu Makueni na jirani zetu Kitui watu walikufa kwa sababu ya mahindi. Waliougua walikuwa 317, waliofariki 125. Si njaa, ni mahindi yaliyopata kuvu. Mvua ilipiga wakati wa mavuno, watu wakaogopa wizi wakaingiza mahindi mabichi ndani ya nyumba wanamolala, yakafanya joto. Macho yaligeuka manjano, tumbo likajaa, mtu anakwenda. Niliwazika wa ukoo wangu. Ile ilikuwa sumu nyingi kwa mara moja. Sumu hiyo hiyo kidogo kidogo kila siku, miaka ishirini, inaleta saratani ya ini.

Sasa sikilizeni. Hiyo sumukuvu inakaa zaidi kwenye ganda na kiini cha hindi. Sisi Wakamba tuna muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kutoa ganda, chakula cha mababu. Wachunguzi wa Kenya walipima wakapata kwamba kukoboa kwa njia hiyo kunapunguza sumu kitu kama nusu. Dona inasagwa na kila kitu chake. Hindi likiwa safi, dona ni nzuri kuliko sembe. Hindi likiwa na kuvu, dona inakupa sumu yote pamoja na ganda lake.

Mzizi Mkavu
Sasa mnataka kuniambia dona ndiyo inayoleta saratani. Mnapindua kila kitu. Ndiyo maana watu wanaenda kwa wauza makopo, kwa sababu kwenu hakuna kinacholiwa.

Mkaazi wa Makueni
Ndugu yangu, nimesema hindi lenye kuvu.

Mzizi Mkavu
Mahindi yangu hayana kuvu. Nayaona kwa macho yangu.

Gunia Mia (Kibaigwa)
Mkuu Mzizi, nanunua na kuuza mahindi kwenye soko la hapa, nakupa ya ghalani. Sumu haionekani. Kuvu ya kijani-njano unaweza kuiona kwenye hindi moja, lakini jirani yake lililo jeupe linaweza kuwa nayo pia. Kupika haisaidii, haifi kwenye ugali. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, mtu hawezi kuonja hilo. Mwaka 2016 mikoa yetu hii hii, Dodoma na Manyara, watu walikufa. Kiteto unayoitaja ipo Manyara.

Mwana wa Mji Mkongwe
Nyote mnazungumza kana kwamba kinachotoka ardhini ama ni dawa ama ni chakula. Na tumbaku jee, si jani? Popoo si mmea? Kwetu wazee wametafuna tambuu kwa chokaa na popoo tangu ujana, na popoo peke yake, bila tumbaku, inajulikana kusababisha saratani ya mdomo. Ami yangu kafa nayo. Alikuwa akisema ni ya kusagia chakula, inasafisha tumbo. Mtu akikuambia "ni ya asili", muulize ya asili ya nini.

Kijani Kibichi
Nasoma lishe, na nimesikitika kwamba hakuna aliyetaja jambo linalounganisha pande zote mbili. Kuna kitu kinachotokana na mimea kinachoizuia hiyo sumukuvu, na limejaribiwa kwa watu. Klorofilini, inayotengenezwa kutokana na klorofili, ule ukijani wa majani. China, mji wa Qidong, ambako saratani ya ini ilikuwa inawamaliza, walichukua watu 180, nusu wakapewa vidonge vya klorofilini kila wanapokula kwa miezi minne, nusu vidonge visivyo na dawa. Kwenye mkojo, alama ya uharibifu wa sumukuvu ilipungua kwa asilimia 55 kwa waliopewa. Inaishika sumu tumboni, inatoka nayo kabla haijafika kwenye ini.

Mzizi Mkavu
Jani la kijani! Mnasikia? Limejaribiwa, kwa watu, si kwenye kisahani. Dada Binti Mwalimu uko wapi? Lile kopo la mama mkwe wako ni la kijani.

Kijani Kibichi
Kaka naomba unisome mpaka mwisho. Walipima mkojo, hawakupima nani kapata saratani na nani hakupata, miezi minne haitoshi. Na klorofilini imepitia kiwandani, si mchicha uliochemshwa. Na hapo hapo Qidong, kilichoshusha vifo vya saratani ya ini kwa watu wazima hakikuwa vidonge. Ni kwamba kuanzia miaka ya themanini watu waliruhusiwa kununua mchele, wakaacha mahindi yenye kuvu. Hata wale waliozaliwa kabla ya chanjo ya homa ya ini B, vifo vilishuka.

Zamu ya Usiku
Hapo kwenye homa ya ini B pashikeni. Mtu mwenye hicho kirusi akila sumukuvu, hatari ya saratani ya ini inaruka, wanasema mpaka mara 30 ya asiye nacho. Watoto wetu siku hizi wanachanjwa wakiwa wachanga. Sisi tuliozaliwa zamani wengi hatujawahi hata kupimwa. Mimi mwenyewe nilipimwa kwa sababu ya kazi.

Mama Kulwa wa Tandika
Sasa mie niulize, kama kukoboa kunapunguza, hiyo sembe yangu mliyoitukana tangu asubuhi si ndiyo salama?

Mkaazi wa Makueni
Kwa sumukuvu, mama, ndiyo, inapungua. Haiishi.

Mama Kulwa wa Tandika
Basi aliyeandika "watu wa sembe" aje aandike tena.

Kijani Kibichi
Lakini mama, pumba iliyotolewa inakwenda wapi? Kwa kuku na ng'ombe, na sumu ikiingia kwa ng'ombe inatoka kwenye maziwa.

Mama Kulwa wa Tandika
Jamani na chai ya maziwa nayo?

Mzizi Mkavu
Nimekaa kimya toka mchana. Nilitoka nje nikarudi nikaanza kusoma uzi upya kutoka juu.

Huyo wa Makueni ameandika macho yaligeuka manjano, tumbo likajaa. Baba yangu alikufa hivyo. Hakuwa mlevi. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, mwili ulikauka, tumbo likawa kama la mjamzito. Hospitali walisema uvimbe kwenye ini, tumechelewa. Nyumbani tulisema karogwa kwa ajili ya shamba, mpaka leo upande wa baba mdogo hatusalimiani. Babu alimpa dawa zake zote alizozijua. Nilikuwa mimi ninayezichemsha.

Mahindi tulikuwa tunaweka darini juu ya jiko na mengine chumbani. Yaliyooza tulikuwa tunayatenga, lakini yaliyoharibika kidogo tulikuwa tunasaga sisi, mazuri tunauza. Kila mtu alikuwa anafanya hivyo.

Sisemi ndicho kilichomuua. Nauliza tu, mtu aliye kijijini bila maabara anajuaje kama mahindi yake yamekauka vya kutosha?

Zamu ya Usiku
Pole sana kaka. Na samahani kwa lile neno la jiki, ningeweza kutafuta mfano mwingine. Wewe na ndugu zako mkapime homa ya ini B, huwa inatembea ndani ya familia.

Mkaazi wa Makueni
Pole ndugu. Hata sisi tuliyauza mazuri.

Gunia Mia (Kibaigwa)
Pole mkuu. Ghalani tuna kipima unyevu, hindi likizidi asilimia 13.5 hatulilazi. Ila nyumbani kuna njia ya chumvi, hata mabwana shamba wanaifundisha. Chukua chupa angavu, kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi kama robo ya chupa. Ongeza vijiko vitatu vya chumvi, lakini chumvi yenyewe iwe umeianika juani kwanza, saa tatu nne, maana chumvi ya jikoni ina maji. Funga, tikisa kama dakika moja, laza robo saa. Chumvi ikishuka yote chini, mahindi yamekauka. Ikiganda kwenye kuta za chupa, bado yana maji, kuvu itaota.

Na usianike chini ya udongo. Turubai. Magunia yasiguse ukuta wala sakafu, weka chaga. Ile mifuko ya tabaka tatu ni mizuri kwa wadudu, ila ukifungia mahindi mabichi humo umeyafungia na maji yake.

Binti Mwalimu (Morogoro)
Nilileta hoja ya neno kwenye kopo, wakuu, naona tumefika ghalani. Bado nataka jibu. Mtu akiandika "huzuia saratani aina zote" na mama yangu akaacha kipimo kwa ajili ya hilo neno, nani anawajibika?

Kaskazini Kwetu
Kisheria dawa za asili zinatakiwa kusajiliwa. Tatizo ni nani atapanda kila basi.

Mwana wa Mji Mkongwe
Kwetu anayeuza humjui jina lake, na akikuuzia leo kesho yuko Pemba.

Mzizi Mkavu
Dada, mimi bado nasema mlonge ni chakula kizuri na sitaacha kunywa. Ila hilo neno "aina zote" babu yangu hakuwahi kulitumia. Alikuwa anasema hili ni la tumbo, hili la homa, hili silijui mpelekeni hospitali. Hilo la mwisho nimelisikia akilisema kwa masikio yangu.

Gunia Mia, nimefanya. Magunia nina manane. Nimejaza chupa tatu kwanza. Ya gunia la mlangoni chumvi imeshuka yote. Ya katikati imeshuka. Ya lile lililoegemea ukuta wa nyuma imeganda kama umande mpaka kwenye shingo ya chupa. Hilo ndilo tulilokuwa tunalisaga wiki hii.

Gunia Mia (Kibaigwa)
Acha kulisaga leo leo. Toa yote nje, anika, chambua punje kwa punje, yenye rangi na yaliyovunjika weka kando. Hayo ya kando usimpe hata kuku.

Mzizi Mkavu
Kuku alishapewa ya wiki iliyopita.

Binti Mwalimu (Morogoro)
Nimemsomea mama mkwe uzi wote, kwa sauti, mpaka kwa baba yake kaka Mzizi. Hakusema kitu kuhusu kopo. Ameniuliza tu chupa ya maji iko wapi. Kumbe alikuja na debe mbili za mahindi, zawadi yetu, ziko stoo tangu juzi. Chumvi ameianika tangu saa nne. Sasa hivi amekaa barazani, anatikisa mwenyewe.

Gunia Mia (Kibaigwa)
Mwambie akimaliza ailaze robo saa kabla ya kuangalia.